Waya, Ushanga na Kisanduku cha Sauti

Pedali ya gitaa ni kisanduku kidogo kinachowekwa sakafuni, kati ya gitaa la umeme na amplifaya yake. Mpigaji hukikanyaga kwa mguu na sauti hubadilika papo hapo: hukwaruza, hutetema, hujirudia kwa mwangwi, au hufunguka na kufumba mithili ya mdomo wa mtu anayesema. Pedali ya kujitengenezea, isiyotoka kiwandani, ina kazi mbili ndani yake. Ya kwanza ni kuunganisha saketi, ya pili ni kulipamba boksi lake.

Pedali za kwanza za kukwaruza ziliingia madukani mwaka 1962 huko Marekani. Lakini stadi zinazohitajika kutengeneza pedali zilikuwapo Afrika Mashariki kabla ya mwaka huo, zikiwa zimegawanyika katika mikono mitatu. Watengenezaji wa ala za jadi walijua kuitia sauti mkwaruzo kwa makusudi. Mafundi redio walijua kukitoa kipuri kwenye kifaa kilichokufa na kukipa kazi nyingine. Wapambaji walijua kuvisha vitu vidogo vya kila siku rangi na shanga, na miongoni mwao wamo Wamaasai wa Oloipiri, kata iliyoko tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Historia ya pedali za nyumbani katika ukanda huu ni historia ya stadi hizo tatu.

Mkwaruzo kabla ya umeme

Sauti safi isiyo na doa haikuwa lengo la kila mtengeneza ala. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma, yenye ndimi za chuma zilizopangwa juu ya sanduku la mbao, hutobolewa tundu kwenye sanduku hilo, na tundu huzibwa kwa utando wa kifuko cha mayai ya buibui. Ulimi unapopigwa, hewa ya ndani hutikisa utando, na kila noti hutoka na mvumo mwembamba wa kuwasha pembeni yake. Utando ukichanika, mpigaji huutafuta mwingine, kwa kuwa ilimba isiyovuma huhesabiwa kuwa haijakamilika. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya dunia akitokea Chuo cha Sanaa Bagamoyo.

Nchini Uganda, endongo ya Waganda hufungwa nyuzi zake karibu sana na ngozi ya kenge iliyowambwa juu ya bakuli la ala. Uzi ukipigwa hugusa ngozi na kulia kwa mkwaruzo. Kwa Wajaluo wa Kenya, mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga kwenye ala yenyewe, huku njuga zikilia mguuni. Sauti ya nyuzi na kelele ya chuma husikika kama kitu kimoja.

Eneo la Ngorongoro lina sura yake. Muziki wa Wamaasai ni wa koo zaidi kuliko ala. Kiongozi huimba, wengine huitikia kwa milio mizito ya kifuani inayopishana, na chombo kinachojulikana zaidi ni pembe ya tandala inayopulizwa kuwaita watu. Hata hivyo mapambo yenyewe hupiga muziki. Kola za shanga shingoni mwa wanawake huruka na kushuka kwa mapigo ya wimbo, vipande vya bati vinavyoning'inia masikioni hugongana, na njuga za miguuni hutia kishindo wakati wa kuruka. Hapo pambo na sauti havikutenganishwa.

Gitaa kavu na gitaa la galoni

Gitaa lilifika pwani kwa njia ya bandari, na kusambaa bara kupitia miji, migodi na reli. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Vita Kuu vya Pili vya Dunia viliwapeleka vijana wengi wa Kiafrika Burma na kwingineko, na baadhi yao walirudi wakiwa wapigaji. Katika Katanga, Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga gitaa kavu, yaani gitaa lisilo na umeme, na sahani zake za santuri zikasikika hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Gitaa la dukani lilikuwa ghali, kwa hiyo vijana walijitengenezea. Mwili ulikuwa galoni au debe la mafuta, shingo ilikuwa kipande cha mbao, na nyuzi zilitolewa kwenye waya wa breki za baiskeli uliofumuliwa. Bati jembamba la galoni hutetemeka pamoja na nyuzi, na gitaa hilo hulia kwa mkwaruzo hata mpigaji asipotaka. Wapigaji wengi wa baadaye walianzia hapo, wakalizoeza sikio lao sauti ambayo wahandisi wa studio waliiita kasoro.

Umeme unaingia

Nairobi ya miaka ya 1950 ilikuwa na studio na kampuni za sahani, na mmoja wa wapigaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi kwa gitaa la umeme ni Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bendi za Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Tabora nazo zilikuwa zikihama kutoka gitaa kavu kwenda la umeme. Dansi, yaani muziki wa bendi hizo, likapata umbo lililodumu: gitaa la solo, gitaa la rizimu na besi, mara nyingi na solo la pili katikati.

Amplifaya za wakati huo zilitumia valvu kukuza sauti. Valvu ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na kinachotoka kwenye spika ni mkwaruzo. Katika kumbi zilizojaa watu, ambako amplifaya ndogo ililazimishwa kushindana na tarumbeta na ngoma, mkwaruzo huo ulitokea bila kualikwa.

Jambo moja la kiutawala liliathiri sana vifaa vya muziki Tanzania. Mpigaji kwa kawaida hakumiliki gitaa lake. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na baada ya uhuru wenye bendi walikuwa mara nyingi taasisi za umma. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na majeshi yalikuwa na bendi zao. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya shirika la teksi na usafirishaji kabla ya kuhamia Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mpigaji aliyehama bendi aliacha gitaa, waya na amplifaya nyuma yake. Mtu wa namna hiyo hakuwa na sababu kubwa ya kujijengea safu ya pedali, na kazi ya kuvitunza vyombo ikaangukia kwa fundi wa bendi.

Pedali zinavumbuliwa

Wakati huohuo, huko ng'ambo, kasoro ilikuwa ikigeuzwa bidhaa. Mwaka 1958 Link Wray wa Marekani alitoboa spika zake kwa kalamu ili zikwaruze. Mwaka huohuo Charlie Watkins wa London alianza kuuza Copicat, mashine iliyotoa mwangwi kwa kuzungusha utepe wa sumaku. Miaka michache baadaye, katika studio moja ya Nashville, mtambo wa kuchanganyia sauti uliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins, na besi ikatoka na mngurumo. Fundi mitambo Glenn Snoddy alichunguza chanzo cha hitilafu hiyo badala ya kuitupa, na saketi aliyoshiriki kuibuni ikauzwa mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mauzo yalisuasua hadi mwaka 1965, Rolling Stones walipoitumia katika wimbo wao uliovuma kuliko zote. Pedali ya kukwaruza ya namna hiyo huitwa fazi.

Mwaka 1966 Ivor Arbiter wa London alitoa Fuzz Face, pedali ya duara ambayo umbo lake lilitokana na kitako cha stendi ya maikrofoni. Wawa, pedali inayofunguka na kufumba, iliingia sokoni katika kipindi hichohicho. Miaka ya 1970 ikaleta feza na korasi, zinazoizungusha sauti na kuinenepesha, pamoja na mashine bora zaidi za mwangwi.

Mbona dansi lilipenda mwangwi

Pedali hizo hazikupokelewa sawa katika Afrika. Katika Zambia ya miaka ya 1970, vijana wa miji ya migodi waliikumbatia fazi hata muziki wao ukapata jina lake, Zamrock. Nchini Tanzania bendi chache za mjini zilielekea huko. Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki, soul na midundo ya nyumbani, ilirekodi albamu yake Ave Africa mjini Lusaka mwaka 1976. Afro 70 ya Patrick Balisidya nayo ilijulikana kwa gitaa lenye makali na ladha ya kisasa. Iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977.

Bendi kubwa za dansi zilichagua vingine, na sababu ni ya kiufundi. Katika dansi magitaa mawili au matatu husuka noti ndogondogo kwa wakati mmoja, na uzuri wake ni msikilizaji kuweza kufuata kila uzi. Fazi huzijaza noti milio mingi ya ziada. Noti mbili zikipigwa pamoja hugongana na kuwa ngurumo, na gitaa la jirani humezwa. Mwangwi, feza na korasi huacha mwanzo wa noti ukiwa safi, kisha huongeza upana nyuma yake. Ndiyo maana solo la rumba na la dansi linang'aa badala ya kuunguruma. Fazi ilibaki ya nyimbo chache, na ya wapigaji waliotaka kujitofautisha.

Fundi redio

Mtu aliyeielewa pedali kwa ndani bila kuambiwa alikuwa fundi redio. Transista ilipochukua nafasi ya valvu, redio ikawa ndogo, ikatumia betri, na ikaingia vijijini kusikokuwa na umeme. Miaka ya 1960 Tanzania ilipata viwanda vyake: Matsushita ilitengeneza redio na betri za National Dar es Salaam, na Philips iliunganisha redio Arusha. Redio ikawa chombo cha serikali cha kufundishia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Redio zote hizo zilihitaji watu wa kuzifufua zinapokufa, na karibu kila mji wenye soko ukapata kibanda chenye meza, chuma cha kulehemu na rundo la redio zilizofunuliwa mgongo.

Ndani ya redio hizo mlikuwa na kila kitu ambacho fazi inahitaji. Transista za jamanium kama AC128 na OC71, zilizotengenezwa na Philips na kampuni yake ya Mullard, zilikuwa vipuri vya kawaida vya redio za wakati huo. AC128 ileile ilitumika pia katika baadhi ya fazi za London. Rezista, kapasita, kitasa cha kuongezea sauti na kichwa cha betri vilipatikana katika redio hiyohiyo. Tofauti ya redio mbovu na fazi nzima ilikuwa mchoro wa saketi na mtu wa kuufuata.

Uhaba ulifanya stadi hiyo kuwa ya lazima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Nairobi ndiko sahani za Tanzania zilikokuwa zikichapwa, na ndiko kulikokuwa na maduka makubwa ya vyombo. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta vilimaliza fedha za kigeni, na vyombo vya muziki havikuwa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuagizwa. Bendi ziliendelea kupiga kila wiki kwa amplifaya za zamani zilizofunguliwa, zikalehemiwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Fundi asiyepata kipuri sahihi aliweka kinachokaribiana nacho, na mara nyingine sauti ya bendi ikabadilika kutokana na alichokipata.

Likembe za Kinshasa

Mfano unaojulikana zaidi wa ubunifu huo uko Kongo. Konono N°1, kundi lililoanzishwa Kinshasa katika miaka ya 1960 na Mingiedi Mawangu, lilitaka likembe isikike juu ya kelele za jiji. Likembe ni ala ya ndimi za chuma, jamaa ya ilimba. Vipuri vya dukani havikuwapo, kwa hiyo sumaku zilitolewa kwenye vipuri vya magari chakavu, zikazungushiwa waya wa shaba na kuwa maikrofoni. Sauti ikatolewa kwa vipaza sauti vya pembe vya zama za ukoloni.

Vifaa hivyo havikuwa na uwezo wa kubeba sauti ile, na likembe zikatoka zikiwa zimejaa mkwaruzo. Kundi halikuuondoa. Milio ya ziada ya umeme ilikaa mahali ambapo likembe ya kawaida huwa na pete na vibati vya kuvumisha. Albamu yao Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wasikilizaji wa Ulaya waliifananisha na roki ya majaribio. Kwa wapigaji wenyewe, ulikuwa mvumo wa zamani uliopata betri.

Fazi mezani kwa fundi

Saketi ya Fuzz Face ndiyo ambayo wanaojifunza huianza mara nyingi, kwa sababu ni fupi. Ina transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vitasa 2, kimoja cha kiasi cha mkwaruzo na kingine cha ukubwa wa sauti. Gitaa hutoa umeme mdogo, sehemu tu ya volti moja. Transista ya kwanza huukuza, ya pili huukuza zaidi, mpaka wimbi linataka kupita volti 9 za betri. Betri haina zaidi ya hapo, kwa hiyo vilele vya wimbi hukatwa na kuwa bapa. Wimbi lililokatwa hubeba milio mingi ya juu ambayo haikuwamo kwenye uzi, na sikio huipokea kama mkwaruzo.

Vipimo vya rezista katika mchoro wa kawaida ni kilo-omu 33, kilo-omu 8.2, kilo-omu 100 na omu 470. Kitasa cha mkwaruzo ni kilo-omu 1, cha sauti ni kilo-omu 500. Fundi hupanga vipuri kwenye kibao chenye vitundu, hupinda miguu yao kwa nyuma, huilehemu, kisha hukata mabaki. Transista huwekwa mwisho kwa sababu joto la kulehemu huweza kuiua. Wengi huibana mguu wake kwa koleo ili chuma cha koleo kinywe joto. Jeki ya kuingizia waya wa gitaa huchaguliwa yenye miguu mitatu, na hasi ya betri hupitishwa hapo: waya ukichomolewa betri nayo hukatika, isiishe kwa kusahauliwa. Anayetumia transista za jamanium za aina ya PNP hugeuza betri, chanya ndiyo inayokwenda kwenye mwili wa boksi.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Jamanium huvujisha umeme zaidi inapopata joto, na fazi iliyorekebishwa asubuhi huweza kusongwa na kukohoa mchana. Kwa joto la Dar es Salaam, transista za silikoni kama BC108 hutulia zaidi ingawa mkwaruzo wake ni mkali. Nyanda za juu za Karatu na Loliondo, ambako usiku watu hujifunika mashuka mawili, jamanium haisumbui sana. Sehemu zisizo na umeme wa gridi, fazi ina faida nyingine: hutumia takriban miliampia 1, na betri moja ya volti 9 huiendesha kwa mamia ya saa. Kinachohitaji paneli ya jua au jenereta ni amplifaya.

Boksi hutobolewa baada ya saketi kujaribiwa. Alama hupigwa kwa msumari ili keekee isiteleze, tundu huanza kwa milimita 3 na kupanuliwa kidogo kidogo: karibu milimita 7 kwa kitasa, karibu 10 kwa jeki, 12 kwa swichi ya mguu. Boksi la chuma au alumini ni bora kuliko la plastiki, kwa kuwa chuma kikiunganishwa na hasi ya saketi, au chanya kwa transista za PNP, huzuia mvumo wa nyaya za umeme na sauti za stesheni za redio zisiingie kwenye gitaa.

Waya na shanga Umaasaini

Upambaji wa boksi ndiyo kazi ambayo Oloipiri ina la kufundisha. Waya ulifika Umaasaini ukiwa pambo kabla haujafika ukiwa njia ya umeme. Misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilibeba vitambaa, shanga na senyenge, na bila hivyo haikuweza kununua chakula wala kupewa njia. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umaasaini mwaka 1883, alieleza wanawake waliojizungushia senyenge nzito mikononi, miguuni na shingoni. Wahunzi wa Kimaasai, Ilkunono, walifua mikuki pamoja na mapambo ya chuma.

Katika karne ya 20 shanga ndogo za kioo, nyingi kutoka Bohemia, zilichukua nafasi kubwa ya senyenge. Kazi ya kuzitunga ni ya wanawake, na mpangilio wa rangi hutofautiana kati ya olosho, yaani tawi la Wamaasai, moja na nyingine na kati ya rika na rika. Loliondo wapo Ilpurko, Iloitai na Ilaitayok, na Oloipiri ni miongoni mwa sehemu za Ilaitayok. Mtu anayezijua shanga hutambua mvaaji ametoka upande gani kabla hajafungua mdomo. Kanuni inayoonekana zaidi ni ya kupambanisha: nyekundu huvunjwa na nyeupe, buluu hutenganishwa na machungwa, na mstari mrefu wa rangi moja hukatwa kabla haujachosha jicho.

Upambaji huo haukuwahi kungoja malighafi ya aina moja. Sufuria la alumini lililotoboka hukatwa kuwa vipande vya pembetatu vya kuning'iniza. Plastiki ya madumu hutumika mahali palipokuwa na ngozi ya kushikilia mistari ya shanga. Tairi huwa viatu. Rungu, fimbo, kibuyu cha maziwa, kichupa cha ugoro, mkanda wa saa na, katika miaka ya karibuni, mfuko wa simu, vyote huvishwa shanga kwa mbinu zilezile.

Mbinu hizo zinafaa boksi la pedali bila kubadilishwa sana. Uso wa boksi la kawaida la alumini una ukubwa wa milimita 112 kwa 60, na kwa shanga za milimita 2 huhitaji shanga zaidi ya 1,600. Kuzibandika moja moja kwa gundi hakudumu chini ya kiatu. Njia imara ni kushona kipande cha ngozi kwanza, mstari kwa mstari, kila mstari ukifungwa kwenye uliotangulia, na kuacha matundu ya vitasa na swichi. Nati za vitasa hivyo ndizo zinazokibana kipande hicho kwenye boksi. Eneo la kuzunguka swichi huachwa wazi, na kifuniko cha chini hakivishwi, ili betri ibadilishwe bila kufumua kazi.

Njia ya pili ya upambaji ni rangi, na Tanzania ina shule yake. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya vibao vya mraba, Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta zenye mng'ao za kupaka vyuma na baiskeli. Alikufa mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na rangi hizo zikapelekwa kwenye sinia, masanduku na meza. Rangi ya aina hiyo hushika vizuri kwenye chuma iwapo boksi litasuguliwa msasa, likafutwa mafuta na kupakwa praima. Tabaka mbili za vanishi ya kung'aa huilinda. Masanduku ya bati ya wanafunzi na ubavu wa matatu za Nairobi vimepambwa kwa misingi hiyohiyo.

Kwingineko duniani, pedali zilizopakwa rangi kwa mkono zilipata soko baada ya Zachary Vex wa Minneapolis kuanzisha kampuni ya ZVEX mwaka 1995 na kuwapa wachoraji maboksi yake, kila moja likawa na mchoro wake. Tangu hapo wanunuzi wamezoea kulipa zaidi kwa boksi ambalo hakuna jingine kama hilo.

Vipuri vya leo

Biashara ilipofunguliwa nusu ya pili ya miaka ya 1980, vinanda na amplifaya za nje zilirudi Tanzania, na katika miaka ya 1990 kinanda kikachukua kazi nyingi za tarumbeta na hata za gitaa. Nje ya bendi za dansi, magitaa ya umeme yalipata makao makanisani, ambako kwaya nyingi humiliki vyombo vyake zenyewe. Vipuri vya kielektroniki kutoka China vinauzwa Kariakoo na kwenye Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na michoro ya saketi za zamani inapatikana bure kwenye intaneti. Kilichobaki kigumu kupata ni transista za jamanium, ambazo viwanda vingi viliacha kuzitengeneza, na chanzo chake cha karibu bado ni redio kuukuu zilizomo vibandani mwa mafundi. Kabla ya kuitumia, fundi huipima kila moja kwa mita, kwa sababu mbili za namba moja huweza kutofautiana sana kwa uwezo wa kukuza sauti: kwa Fuzz Face, ya kwanza hutafutwa yenye ukuzaji wa kati ya 70 na 100, na ya pili yenye ukuzaji mkubwa kidogo kuliko huo.